Bibi Shamba Anajibu: Tundu kwenye shina, nani kaingia na nani katoka?

Mwezi huu simu yangu imejaa mashimo. Sitanii, tangu mmoja wenu atume picha ya mwembe wake naona kila mtu ametoka nje na kukagua miti yake, nusu ya picha zimepigwa usiku kwa tochi sijui kwanini, na zote zina swali moja, Bibi Shamba hili tundu limetoka wapi na nimwagie nini. Hapo kwenye nimwagie nini ndio tunagombana kila siku.

Naomba kitu kimoja. Ukinitumia picha ya tundu weka sarafu au njiti ya kiberiti pembeni nione ukubwa, halafu unieleze chini yake kuna nini, unga wa mbao, gundi, kinyesi cha ndege, au hamna kitu. Tundu ni mlango tu jamani, na mlango peke yake haukwambii kama mwenye nyumba yumo ndani au kashahama mwaka juzi.

Shikamoo Bibi Shamba. Nina mwembe nyumbani Tanga aliupanda marehemu babu. Kama miaka sita iliyopita tulikata tawi kubwa lililokuwa linalalia bati, tulitumia panga na shoka, pale lilipokuwepo sasa pamekuwa shimo naingiza mkono mpaka kiwiko, ndani kuna kitu kama udongo mweusi laini na mvua ikinyesha maji yanatuama humo. Fundi kaniambia nijaze saruji na kokoto, jirani anasema oili chafu. Mti bado unazaa sana tu. Nifanyeje, na je, hautatuangukia?

Marahaba mwanangu. Saruji hapana, oili chafu hapana, na huyo fundi mwambie arudi kwenye matofali ndio kazi yake. Nakueleza kwanini maana nikikukataza bila sababu wiki ijayo utafanya.

Shina la mti sehemu iliyo hai ni ya nje tu. Kuna gome, chini ya gome kuna utando mwembamba ambao ndio unatengeneza mbao mpya, halafu zinafuata mbao changa zinazopandisha maji kutoka kwenye mizizi. Huko katikati kwenye moyo wa mti ni mbao zilizokufa zamani, kazi iliyobaki ni kushikilia. Ndio maana mwembe wa babu una shimo la kiwiko na bado unakupa maembe, kuvu wanakula sehemu ambayo mti hauitumii kupandishia maji.

Na ilianza hivi. Mlipokata lile tawi kwa panga mliacha kidonda kikubwa kilichochanika chanika, mbegu za kuvu zinaruka hewani kila siku zikatua pale, mvua ikasaidia, miaka sita wanakula taratibu na huo udongo mweusi unaoushika ni mbao iliyokwisha liwa. Kwahiyo tundu lako halijatobolewa na mtu wala mdudu, limeoza. Mchwa ukiwaona humo usiwape kesi yote, wao mara nyingi wanakuja kwenye shughuli iliyoanza bila wao.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakijui, mti hauponi kidonda kama wewe unavyopona. Ukijikata kisu ngozi mpya inachukua nafasi ya ile iliyoharibika, mti hauwezi hilo, wenyewe unajenga kuta kuzunguka sehemu mbovu halafu unaendelea kuongeza mbao nzima kwa nje, kama familia iliyofunga chumba kinachovuja ikahamia vyumba vingine. Aliyelieleza hili vizuri ni Alex Shigo wa idara ya misitu ya Marekani. Huyu mzee wenzake walikuwa wakikata shina kwa mkingamo kama mkate, yeye akashika chenso akawa anapasua kwa urefu, alipasua maelfu ya miti, na kwa urefu ndio akaziona hizo kuta zilivyokaa, mwaka 1977 yeye na mwenzake wakachapisha maelezo yake na mpaka leo watu wa miti wanafundishwa hivyo.

Ukishaelewa habari ya kuta utaona kwanini nakataa saruji. Kabla ya kujaza fundi lazima atachokonoa asafishe mpaka afike kwenye mbao ngumu, na hapo anabomoa ule ukuta mti uliojenga miaka yote, kuvu wanafunguliwa mlango wa chumba cha pili. Halafu saruji haipindi, mti upepo ukivuma unayumba, kwahiyo vinasuguana, panapatikana ufa, maji yanaingia nyuma ya saruji na sasa hayana pa kutokea. Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na mafundi kabisa wa kujaza saruji kwenye miti, kazi ya heshima ile na watu walilipa pesa nzuri, wakaja kuacha wenyewe. Na ukijaza leo kumbuka kuna mtu kesho kutwa atakuja na chenso kukata huo mti, mnyororo ukigonga kokoto humo ndani sitaki hata kufikiria.

Oili chafu nayo inaua utando hai ulioko ukingoni mwa tundu, ule ule unaojaribu kuziba. Angalia vizuri ukingo wa shimo lako, utaona kama mdomo mnene umejikunja kuingia ndani, huo ndio mti unafanya kazi, uache. Maji yanayotuama pia yaache, najua yanakera, lakini ukitoboa kwa drili ili yatoke unatoboa ukuta tena. Kama shida ni mbu, funika mdomo wa shimo kwa wavu wa mbu.

Kuanguka sasa. Hapo usinichukulie mimi kwa simu kama neno la mwisho, ila kuna kipimo watu wa miti wanatumia kama makisio, ukuta mzima uliobaki uwe angalau theluthi moja ya nusu kipenyo cha shina. Yaani shina lenye upana wa sentimita 60 kutoka upande huu mpaka ule, nusu yake 30, basi unataka uone mbao nzima zenye unene usiopungua sentimita 10 kuzunguka. Chukua nyundo ya mbao, gonga shina pande zote kuanzia chini kwenye mizizi, penye mbao nzima panajibu kwa sauti fupi kavu na penye uwazi panalia kama ngoma. Ukiona uyoga mgumu kama rafu umeota chini karibu na mizizi, au ufa mpya, au udongo umeinuka upande mmoja wa mti, hapo usingoje maembe ya msimu, tafuta mkataji mzoefu, na watoto wasilale upande huo wa nyumba.

Siku nyingine mkikata tawi kubwa, kateni kwa msumeno na sio panga. Kwanza chora mkato chini ya tawi mbali kidogo na shina, halafu kata kutoka juu mbele ya hapo tawi lianguke bila kuchana gome, mwisho ondoa kisiki kilichobaki, lakini pale tawi linapoungana na shina kuna uvimbe kama kola ya shati, hiyo kola isiguswe. Usiache kisiki kirefu na usikate ukalingana na shina. Wala hakuna haja ya kupaka rangi.

Bibi Shamba, nipo Newala, nina mikorosho ya zamani. Mitatu inatoa gundi nyeusi kahawia kwenye shina imechanganyika na kama pumba, nikibandua gome naona njia njia. Majani yanapungua. Nimepuliza salfa mara mbili msimu huu na hamna mabadiliko. Dawa ni feki au?

Inawezekana salfa haina kosa lolote. Salfa ni ya ubwiri unga, yaani kuvu wa kwenye majani na maua, ukimpulizia mdudu aliyeko chini ya gome ni sawa na kumpaka mtu poda wakati anaumwa jino.

Ulichoeleza ni fukusi wa shina la mkorosho, na hiyo gundi iliyochanganyika na pumba ndio saini yake, pumba ni kinyesi chake na mbao alizotafuna. Mkubwa wake ni mbawakawa wa kijivu kinachoelekea weusi, urefu kama sentimita 2, mgongo una vinundu vinundu na mbele ana kile kimdomo kirefu cha kifukusi. Ukimuona ametulia kwenye gome unaweza kumpita ukadhani ni kipande cha gome. Jike anatoboa kijishimo kidogo kwenye gome anataga yai, funza mweupe kichwa cha kahawia asiye na miguu anaingia na kuanza kula chini ya gome akielekea chini, na anakula hapo hapo penye njia za chakula na maji. Mwembe wa Tanga unaliwa moyo na unaendelea kuzaa, mkorosho wako unaliwa mishipa. Ndio tofauti yenyewe, na ndio maana tundu dogo wakati mwingine ni kesi kubwa kuliko shimo la kiwiko.

Kazi ni ya mikono. Fuata njia zenye pumba mbichi yenye unyevu, zile kavu zilizopauka mara nyingi mwenyewe hayumo, bandua gome hapo kwa kisu bila kukata kwa upana sana, mtoe funza muue, aliyezama ndani zaidi mchome kwa spoku ya baiskeli au waya mgumu. Wakubwa nao waokoteni kwenye mashina, wapeni vijana kazi hiyo kwa malipo ya kila mdudu uone watakavyochangamka. Mti ambao umezungukwa kabisa na hauna majani huo umekwisha, lakini msikimbilie kuukata, kwanza okoteni wakubwa shamba zima maana mkikata ghafla watahamia kwa jirani zake walio wazima, halafu ndio ukatwe, shina libanduliwe gome na funza waliomo wauawe, usiliache limelala shambani miezi. Baada ya hapo kila mwezi pita kwenye miti ya jirani yake uangalie. Huko mpo karibu na Naliendele, watafiti wa korosho wapo pale miaka mingi, beba kipande cha gome na mdudu kwenye chupa uwaoneshe badala ya kununua dawa nyingine kwa kubahatisha.

Za kahawa zipo mbili nazijibu pamoja: Mbozi anasema mbuni wake una tundu la mviringo chini karibu na ardhi na vumbi la mbao limelala kwenye kisiki, Bukoba anasema vijitawi vinanyauka na kuwa vyeusi na kila kimoja kina katundu kama ka sindano.

Hawa ni watu tofauti kabisa. Wa Mbozi ni bungua mweupe wa shina, anapenda arabika. Yai linatagwa kwenye gome chini chini, funza kwanza anakula gome kwa kuzunguka shina, unakuta kama mtu kamvisha mbuni pete, akikua ndio anaingia ndani ya mbao na vumbi linaanza kudondoka. Anaweza kukaa humo mpaka karibu miaka miwili kabla hajatoka mkubwa mwenye antena ndefu. Kwahiyo tundu safi la mviringo ambalo halina vumbi jipya ni mlango wa kutokea, kaondoka, ukipiga sindano ya dawa humo unaua hewa. Penye vumbi jipya yumo, waya unafanya kazi. Mibuni iliyokwisha kufa ng'oa choma kabla mvua hazijaanza maana wakubwa wanatoka na mvua. Watafiti wa kahawa wa Mbimba wapo hapo hapo kwenu, waulizeni.

Wa Bukoba ni kambawakawa keusi kadogo sana ka kwenye robusta, Uganda kalitambuliwa Bundibugyo mwaka 1993 na kamewasumbua sana. Kajike kanatoboa kijitawi kwa chini, na ajabu yake hakali mbao, kanaingia na mbegu za kuvu kanazipanda kwenye kuta za tundu kama shamba, watoto wanakula hao kuvu. Mkulima kakulimia shambani kwako. Kata kijitawi sentimita kadhaa chini ya tundu, kiteketeze siku hiyo hiyo, usikirundike pembeni ya shamba kwasababu watatoka tu.

Dada (samahani kama ni mama), nilienda Tarangire na familia, tukaoneshwa mbuyu una tundu kama mlango, mtu anaingia kabisa. Halafu tukapita Eyasi nikaona mbuyu mwingine una vijitundu vimepangwa kwenda juu kama ngazi. Watoto wangu wameniuliza nani alitoboa nikakosa jibu, nikasema Mungu.

Hujakosea sana, ila kuna na mikono mingine.

Mibuyu ya Tarangire ina majeraha mengi ya tembo. Mbao za mbuyu ni laini na zimejaa maji, kiangazi kikikaza tembo anachoma pembe anabandua nyuzi nyuzi anatafuna, mwaka huu kidogo mwaka ujao kidogo, unaweza kukuta shina limeliwa kiunoni kote. Huo wenye mlango nadhani ni ule wanaouita maficho ya majangili, maana walikuwa wanajificha humo.

Lakini sio kila pango la mbuyu limechimbwa au limeoza. Kuna mkemia wa Romania, Adrian Patrut, amepima umri wa mibuyu mingi ya Afrika kwa kaboni, akakuta mingi mikubwa sio shina moja, ni mashina kadhaa yameota kwa duara yakaungana ubavuni, katikati pakabaki uwazi ambao haujawahi kuwa na mbao hata siku moja. Utajuaje? Ingia upapase ukuta wa ndani. Ukikuta una gome kama la nje, basi ule ni uwazi wa kuzaliwa nao, pango la kuoza au la kuchimbwa halianzi na gome. Yeye huyo huyo na wenzake mwaka 2018 waliandika kwamba mibuyu mingi iliyo mizee kuliko yote, hasa kusini mwa Afrika, imekufa au kuanguka sehemu ndani ya muda mfupi, habari ile ilinihuzunisha mimi kuliko za siasa.

Ngazi ya Eyasi ni kazi ya Wahadzabe. Nyuki wanapenda mapango ya juu ya mbuyu, na mrina asali anachonga vigingi vya mti anavipigilia kwenye shina, anapanda kimoja baada ya kingine akiwa na moshi mkononi. Vigingi vinaoza vinadondoka, vitundu vinabaki. Mbuyu unavumilia sana, hata ukibanduliwa gome la kutengeneza kamba unaota jingine, jaribu hivyo kwa mwembe uone. Waambie watoto hiyo ni ngazi ya asali.

Mambo Bibi Shamba, nakusoma nikiwa Columbus, Ohio. Tumenunua nyumba, uani kuna mti una vitundu vidogo vimejipanga mistari kama mtu kapima na rula, mume wangu anasema ni risasi. Huku hamna wa kumuuliza mtu anakutajia bei kwanza.

Poa mwanangu. Mwambie baba watoto atulie, wa risasi hapangi mistari.

Huyo ni ndege wa jamii ya kigogota, huko kwenu yupo wa aina inayokunywa utomvu, anatoboa vitundu kwa mstari halafu anarudi rudi kulamba kwa ulimi wenye vinywele kama brashi, na wadudu walionasa humo anawala pia. Hapa kwetu kigogota anagonga mti mkavu akitafuta funza, huyo wa kwenu anagonga mti mzima kwa makusudi, anachimba kisima. Ohio mara nyingi anapita majira ya kuchipua na ya kupukutika akiwa safarini. Mti mzima hausumbuki sana, kama unapenda funga gunia kuzunguka sehemu anayopenda akipita ulifungue. Usimuue, analindwa na sheria yao ya ndege wahamao ya mwaka 1918.

Ila nakuomba utoke tena uangalie kwa karibu. Kama mti wako ni ash na unaona vitundu vya milimita 3 au 4 visivyo na mstari, vyenye umbo la herufi D, upande mmoja umenyooka kabisa, hapo ni habari nyingine, huyo ni mbawakawa wa kijani kutoka Asia aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 na ameua miti ya ash kwa mamilioni. Umbo la tundu ni umbo la mwili wake. Kileleni kukianza kukauka mkate mapema kabla mti haujawa mkavu wote, maana ash iliyokufa inakuwa tete na wakataji wengi wanaogopa kuipanda, hapo ndio bei inakuwa ya kutisha kweli.

Assalamu alaykum Bibi. Wete, Pemba. Minazi yangu ina vidato alivyokata mkwezi wa zamani, havizibi miaka na miaka. Na chonga nao wamezidi. Je chonga wanaingilia kwenye vidato?

Waalaykumu ssalaam. Hapana, na hapa nitakusahihisha kidogo, chonga hana habari na shina. Yeye anapanda juu anaingilia kwenye kilele anatafuna kuti changa likiwa bado limejikunja, ndio maana kuti likifunguka unaliona limekatwa kama kwa mkasi, pembe tatu tatu. Mtoe kwa waya wenye ndoana, na mazalia yake ni magogo ya minazi yaliyooza na marundo ya samadi, hayo ndio ya kuondoa kwanza, ukiacha gogo moja bovu uani unafuga.

Vidato havizibi kwasababu mnazi hauna ule utando wa kutengeneza mbao niliousema kwenye mwembe. Mnazi upo karibu zaidi na nyasi na mahindi kuliko na mwembe, kidato kilichokatwa leo kitabaki hivyo mpaka mnazi ufe, hata ukipitiwa na vizazi vitatu vya wakwezi. Afadhali yake moja ni kwamba mishipa yake imetawanyika shina zima na sio nje tu, kwahiyo hauuawi kwa kukatwa kwa kuzunguka kama mkorosho. Lakini maji yanakaa kwenye kidato, panaoza, na mnazi mwembamba wenye vidato virefu upepo wa kusi ukivuma unaweza kukatikia hapo hapo. Mwambieni mkwezi atumie kamba miguuni. (Na hicho kidato cha kwanza, cha pili tunachosoma shuleni ndio hicho hicho cha mnazi, wazee walikuwa na akili, ukiteleza cha nne unarudi chini.)

Ya haraka haraka. Wa Kwale aliyeona matundu kwenye mikoko, mililana iliyokauka matawi: mnao wadudu wawili wanaotoboa mlilana, mmoja ni kiwavi wa nondo na mwingine mbawakawa, watafiti wamewasoma hapo Gazi, kwahiyo usisingizie maji ya chumvi. Wa Dodoma mwenye tundu la mviringo kamili kwenye nguzo ya kibanda na vumbi chini: ni yule mdudu mweusi mnene anayevuma kama pikipiki, jamii ya nyuki, anatoboa mbao kavu ya kulelea watoto, hali mbao, ziba wakati hayumo na upake rangi. Wa Muscat mwenye mtende unaotoa maji ya kahawia yenye harufu shinani: hilo usingoje wiki, hiyo inafanana na kazi ya susa mwekundu, fukusi wa mitende, Oman yupo tangu miaka ya 1990, piga simu kwa watu wa kilimo leo.

Bibi Shamba naomba usicheke. Nipo milimani huku Lushoto, shambani kuna mti mkubwa una tundu juu, miaka yote lilikuwa wazi, sasa limezibwa na udongo mgumu kama ukuta wa nyumba, imebaki nafasi nyembamba kama ya kuingiza sarafu. Majirani wanasema mtu kafanya mambo yake, eti kafungia kitu mtini. Wanataka tuukate Jumamosi.

Sijacheka, nimetabasamu tu. Jumamosi msikate!

Humo ndani kuna mama. Ni hondohondo, na kwa huko kwenu naweza kuwa na uhakika mkubwa kuwa ni yule mkubwa mweusi mwenye mashavu ya fedha na pembe juu ya mdomo, yule ambaye akiruka unasikia mbawa zinavuma kabla hujamuona. Yeye hana uwezo wa kuchimba mti, anatafuta tundu lililoozea tawi, kama la mwembe wa Tanga. Dume anameza udongo anauleta kooni umeviringwa viringwa umelowana na mate, jike akiwa ndani anapiga plasta mpaka inabaki hiyo nafasi ya sarafu, na humo anataga, analalia na kulea. Miezi mitatu mpaka minne hivi hatoki. Dume ndio anamlisha, analeta matunda, anatoa moja moja kooni anampitishia kwenye ufa. Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani miaka ya 1930, alikaa akawachunguza hawa hawa kwenye Usambara yenu na kuyaandika.

Fanya hivi, alfajiri kaa mbali kidogo na mti utulie na majirani zako wawili watatu walio wakali kuliko wote. Dume atakuja. Mtaona mdomo unatokeza kwenye ufa unapokea. Na chini ya mti angalieni, kutakuwa na mbegu za matunda zimerundikana na kinyesi, wanarusha nje kwenye ule ufa, wengine wanasema mbegu hizo zinaota. Mkimzuia dume njiani, au mkiangusha mti, mama na watoto wanafia humo.

Siku mkikuta udongo umebomolewa na vipande vipo chini, ameshatoka na wanawe. Nipigie siku hiyo, picha nataka.